Ghala la Kichwani, Sehemu ya Tisa: Zote ni Mimi

Wiki iliyopita tulimwacha Chuma kwenye kiti cha foko, kile kigari cha kuinulia mizigo. Ile mikono miwili ya chuma ilikuwa imeteremsha paleti, chaga ya mbao iliyopangwa katoni, kutoka safu ya saba, nailoni imechanwa, katoni ya juu imefunguliwa, na dada wa watu macho yamemtoka. Wapo wasomaji walionisuta kwamba si uungwana kumfungulia mtu boksi halafu kumfichia kilichomo siku saba nzima. Nimesikia, nimekoma. Haya, tuchungulieni.

Poti.

Poti za watoto za kujisaidia, rangi ya waridi, zenye masikio ya sungura. Paleti nzima.

Dereva wa hospitali akachukua moja, akaigeuza juu chini.

"Dada, mimi nimetumwa mirija ya mashine za kusafishia damu. Nina wagonjwa sita wanaingia kwenye mashine jioni ya leo, na hospitali iko mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Nikifika na hizi, nitawaambia nini?"

Chuma alikuwa anamtazama baba mkwe wake.

Mzee alisimama pale na koti lake la kijivu, mikono nyuma, kidevu juu. Huyu ndiye Ramani, mtunza ghala miaka thelathini na moja. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelitumia tena. Ghala hili hukodishwa kwa kila mwenye mali: huyu analeta sabuni, huyu matairi, yule madawati, yule vifaa vya hospitali. Safu ishirini na nne, kila safu rafu tano kwenda juu, na vyote Ramani alikuwa navyo kichwani. Ukimwuliza misumari ya inchi tatu iko wapi, anakujibu huku anakunywa chai.

"Hii si saba," mzee akasema.

"Baba, ni saba. Kibao kile pale."

"Kibao kinajua nini? Kibao ni bati na rangi. Mirija nimeiweka saba, rafu ya tatu, kwa macho yangu haya."

"Sawa, baba."

"Usiniambie sawa kama unambembeleza mtoto!"

Mara pakasikika kidude kikilia *tii* nyuma yao, na Chuma akajua balaa limeshafika. Bi Mashine, meneja mpya, ana miezi mitatu tu hapo ghalani. Hatembei bila ile mashine ya kusomea lebo, imening'inia shingoni kwa kamba. Amekwisha kuielekeza hadi kwenye sahani yake ya chakula, wanasema wabaya wake. Aliisoma paleti ya poti, akabonyeza bonyeza, akainua uso.

"Mirija, katoni nne, zilipokelewa wiki tatu zilizopita. Mahali zilipo, wazi. Hapakuandikwa kitu. Mzee, kwa nini?"

Ramani akagonga kipaji cha uso kwa kidole. "Kwa sababu pameandikwa hapa."

"Basi pasome."

Kidole cha mzee kikabaki pale kwenye kipaji. Chuma aliona kile kitu ambacho amekuwa akikiona kwa miezi miwili na kukifunika: macho ya mzee yakawa yanatafuta, yanahangaika huku na huku, kisha yakatulia pasipo kuona kitu.

Chuma akainua mkono.

"Ni mimi!" akasema.

Wote wakageuka.

"Ni mimi niliyeihamisha mirija. Juzi. Nilitaka nafasi ya hizi poti, nikaitoa, nikasahau kumwambia baba. Mzee hana kosa."

Mtanisamehe, wasomaji, lakini uongo una tamaa. Ukiulisha kijiko unataka sahani.

"Na ile sabuni ya Jumatatu?" Bi Mashine akauliza taratibu. "Mzee alisema safu ya pili, tukakuta matairi."

"Mimi."

"Na vitasa vya milango vya Jumanne?"

"Mimi pia."

"Kwa hiyo wiki hii yote, kila kilichokutwa si pake, na kila kilichotoka pasipo pake..."

"Zote," Chuma akasema. "Zote ni mimi."

Bi Mashine akatoa karatasi kwenye ubao wake, akaandika mistari mitatu kwa mwandiko mzuri, akampa kalamu. Chuma akatia sahihi juu ya usukani wa foko, bila hata kusoma vizuri.

"Ufunguo," Bi Mashine akasema, akinyoosha mkono. "Leo hugusi foko tena. Sasa hivi ni saa sita na robo. Saa nane gari la hospitali linaondoka. Uliihamisha wewe, itafute wewe. Kwa miguu."

Kwa nini alijitia kitanzi? Msomaji mpya asihangaike, nitamweleza kwa ufupi.

Miezi miwili iliyopita Chuma alimkuta baba mkwe wake mlangoni kwao jioni, ufunguo mkononi, anauliza hii nyumba ni ya nani. Akampeleka kwa daktari kwa siri. Daktari akasema ugonjwa wa kusahau ndio unaingia, hauna dawa ya kuung'oa, lakini kazi aliyoizoea ndiyo inayomshikilia mzee. Mwachieni kazi yake kadiri inavyowezekana, akasema. Siku akikaa nyumbani mikono mitupu, atakwenda haraka.

Na mume wa Chuma, ambaye kazi yake iko mbali na hurudi mara mbili kwa mwaka, siku ya kuondoka alimshika mkono akamwambia neno moja tu: "Baba nakukabidhi wewe."

Basi. Mtu aliyekabidhiwa atafanya nini? Funika kombe mwanaharamu apite. Tatizo ni kwamba mwanaharamu wa safari hii alikuwa na mashine shingoni na wala hakuwa na haraka ya kupita.

Chuma akaanza kukimbia safu kwa safu, shingo juu. Safu ya kwanza, sabuni. Ya pili, matairi. Ya nne, vigae, vizito vyote chini kama sheria inavyotaka. Ya tano, mafuta ya kupikia. Ngazi ya magurudumu anaisukuma mwenyewe, anapanda, anachungulia, anashuka, anasukuma tena. Jasho linamtoka, saa ukutani inakimbia kuliko yeye.

Akamkuta Kobe, dereva wa foko ya pili, amekaa juu ya paleti tupu anachokonoa meno. Kobe si jina la kumwonea mtu. Ukimwona anavyoendesha, utasema limechelewa kupatikana.

"Kobe! Mirija ya hospitali, wiki tatu zilizopita, si wewe uliyeiweka?"

"Huenda."

"Huenda nini? Uliiweka wapi?"

"Mama, mimi naweka paleti sitini kwa siku. Mzee anatangulia, ananyoosha kidole, mimi naweka. Kukumbuka si kazi yangu, na wala silipwi kwa ajili hiyo." Akatema kijiti. "Halafu nikuambie kitu? Unafunika mno. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

Chuma akamgeukia. "Unasema nini?"

"Sijasema kitu. Mimi ni Kobe, nasikia polepole."

Hakuwa na muda wa kumuuliza zaidi. Saa saba na dakika tano. Na sasa, kumbe, palikuwa na jambo la pili. Mzee hayupo! Ofisini hayupo, getini hayupo, kiti chake kitupu na chai inapoa.

"Baba!"

Sauti ikaenda hadi mwisho wa ghala ikarudi peke yake.

Akampata kule nyuma kabisa, mahali ambapo siku hizi hakuna mtu anayekwenda isipokuwa kufagia. Mzee alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa matofali, viganja viwili vimebandikwa ukutani, anausukuma.

"Baba, unafanya nini huku?"

"Mlango, mkwe wangu. Mlango umekwenda wapi?"

Ni kweli, hapo palikuwa na mlango. Geti la zamani. Mwaka juzi mwenye ghala aliliziba kwa matofali akafungua geti jipya upande wa pili, unaotazama barabara kuu. Ramani mwenyewe ndiye aliyeshika ndoo ya rangi siku ile.

"Tumeuhamisha, baba. Uko upande ule."

"Nani kauhamisha bila kuniambia?" Mzee akauliza, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ilikuwa ya mtu aliyeonewa. Kisha akageuka, akaupa ukuta mgongo, akavuta pumzi, na akaanza kutembea huku anagusa nguzo za safu moja moja kwa vidole. "Hii moja. Hii mbili. Tatu..."

Chuma akamfuata nyuma taratibu, anaogopa hata kukohoa.

"...tano, sita, saba." Mzee akasimama. Akanyoosha kidole juu bila kuangalia. "Rafu ya tatu. Si nimewaambia?"

Chuma akainua macho. Kibao kwenye nguzo kimeandikwa kumi na nane. Na juu ya kibao, rafu ya tatu, ndani ya nailoni safi, katoni nne nyeupe zenye msalaba wa hospitali.

"Baba!" akapiga kelele, akamkumbatia, jambo ambalo mkwe hafanyi ovyo, na mzee akashtuka akajitoa kwa heshima zake zote.

Wasomaji, mmeelewa? Geti lilipohama, safu zote zilipewa namba upya. Zamani ya kwanza ilikuwa hii ya ukutani. Siku hizi ya kwanza ni ile ya geti jipya, na hii ya ukutani imekuwa ya ishirini na nne. Ramani hakuwa amesahau mirija ilipo! Alikuwa amesahau kwamba geti limehama. Mali aliiweka kwa kidole, na kidole hakikukosea. Alipoulizwa, alijibu kwa namba za ghala ambalo halipo tena.

"Kobe! Leta foko! Kumi na nane!"

Kobe akaja. Siwezi kuwaelezea mwendo wake bila kutukana, kwa hiyo naacha. Itoshe tu kwamba Chuma alitembea kinyumenyume mbele yake kama mtu anayemwita mbuzi kwa majani, na saa nane kasoro dakika nne katoni zilikuwa ndani ya gari. Dereva wa hospitali akapiga honi mbili, akaondoka na vumbi lake.

Bi Mashine alisimama getini, akaisoma saa yake, akamsoma Chuma.

"Umebahatika," akasema. Ufunguo hakurudisha.

Ramani alikuwa amepata nguvu kama mtu aliyelala siku mbili. "Nyie mna mashine, mimi nina kichwa," akamtangazia kila mpita njia. "Mali haipotei, mali inawapoteza nyinyi! Kizito chini, chepesi juu. Unga haulali na sabuni. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Hayo mashine itawafundisha?"

Wapakiaji wakacheka, wakampigia makofi. Chuma naye alicheka, akaketi juu ya ndoo, akafungua chupa ya maji. Sasa nina dawa, aliwaza. Mzee akitaja namba, mimi naigeuza moyoni: ishirini na tano nikitoa namba yake, napata kibao. Saba, kumi na nane. Nani atajua? Tutakwenda hivi hivi mpaka mume wangu arudi.

Akajaribu na za nyuma, ajue tu kama hesabu inakubali. Sabuni ya Jumatatu, mzee alisema ya pili. Ishirini na tatu. Ndiyo, ndiko walikoikuta baadaye! Vitasa vya Jumanne, mzee alisema ya kumi. Kumi na tano. Ndiyo! Inakubali!

Na jana?

Akaishusha chupa.

Jana hapakuwa na kosa. Jana kila mtu alifurahi kwa sababu mzee alitaja safu, Chuma akaenda na foko, na mali ikakutwa palepale. Unga wa uji wa watoto wachanga, katoni arobaini, wa kituo kinacholea watoto yatima. Mzee aliandika kwenye kikaratasi: safu ya tatu. Chuma akaenda kwenye kibao cha tatu, akakuta katoni zenye picha ya mtoto anayecheka, akapakia, gari likaondoka.

Lakini tatu ya mzee si tatu ya kibao. Tatu ya mzee ni ishirini na mbili.

Akasimama. Chupa ikaanguka, hakuiokota. Akaenda safu ya ishirini na mbili, mwanzo anatembea, kisha anakimbia. Akapanda ngazi. Katoni arobaini. Picha ya mtoto anayecheka. Tarehe ya mwezi huu, kavu, safi, hazijaguswa.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Sasa jana nimepakia nini?"

Jibu alilijua, ila miguu ilimpeleka hata hivyo. Safu ya tatu, karibu na geti jipya. Bi Mashine ndiye aliyeagiza ziwekwe hapo wiki iliyopita katoni za unga huohuo zilizorudishwa na mteja, zilizonyeshewa na mvua njiani, unga umeshika ukungu ndani. Ziliwekwa karibu na geti ili Jumamosi zikateketezwe. Zikazungushiwa utepe mwekundu na kuning'inizwa kadi. Lakini jana Chuma hakuona utepe wala kadi.

Sasa akakumbuka. Jana asubuhi, kabla ya kupakia, alimpita baba mkwe wake anakunja kitu chekundu mkononi huku ananung'unika, "Nani amenifungia njia yangu?" Na yeye alicheka akaendelea na kazi.

Akapiga magoti, akachungulia chini ya rafu. Kadi ilikuwepo, imekunjamana, na juu yake alama nyeusi ya tairi la foko yake mwenyewe. ZIMEKATALIWA. ZISITOKE.

Akaipakata kifuani akakimbilia ofisini. Sasa hakukuwa na kombe tena la kufunika. Atasema yote, akaamua. Ugonjwa, daktari, namba, geti, yote. Watamtoa mzee ghalani, na mume wake huenda asimsamehe, lakini kuna watoto kule wanapikiwa uji. Liwalo na liwe.

Akausukuma mlango. "Bi meneja, piga simu kituo cha watoto, waambie wasi..."

Bi Mashine alikuwa tayari kwenye simu. Amesimama, rangi imemwondoka. Mzee Ramani ameketi kwenye kiti cha wageni, kofia magotini.

"Wangapi?" Bi Mashine alikuwa anauliza. "Watatu? Tangu uji wa asubuhi? Wanatapika tu au... Ndiyo. Ndiyo, mmwageni wote. Nakuja na daktari."

Akaweka simu. Akaiona kadi mikononi mwa Chuma, imekunjamana, ina alama ya tairi. Akavuta droo, akatoa karatasi moja, akailaza mezani. Mistari mitatu ya mwandiko mzuri. Na chini yake sahihi.

"Kila kilichotoka pasipo pake wiki hii," Bi Mashine akasoma, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira. "Zote ni wewe. Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, lakini si..."

"Utepe mwekundu nani aliukata?"

"Bi meneja, nisikilize. Nilidanganya. Nilikuwa namkinga mtu. Mwenye kujua ni baba. Baba, waambie." Akamgeukia mzee, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaishika ile mikono ya miaka thelathini na moja. "Baba, tafadhali. Jana asubuhi, ule utepe. Ulikuwa unaukunja. Ulisema wamekufungia njia. Unakumbuka?"

Mzee akamtazama. Macho yalitafuta, yakahangaika huku na huku, yakatulia. Hakuna hila hata chembe iliyokuwa usoni mwake, na hilo ndilo lililomkata Chuma maini. Mzee alikuwa anasema kweli yake yote.

Akaitoa mikono yake taratibu, na machozi yakamlengalenga.

"Utepe gani, mkwe wangu? Mimi nimekusikia leo kwa masikio yangu ukisema zote ni wewe." Akatikisa kichwa. "Umewalisha nini watoto wa watu?"